Medali ya Moto wa Shato

Kiangazi cha Kamina kina harufu yake, na aliyekulia pale haisahau hata ahamie wapi. Asubuhi baridi inauma masikio na vumbi jekundu limetulia chini kwa umande. Ikifika saa nne jua linapanda, na kutoka porini inaanza kuja ile harufu ya majani makavu yanayoungua, kali kidogo, tamu kidogo, inayoingia kwenye nguo, kwenye nywele, mpaka kwenye bukari, ugali wetu wa mchana. Wawindaji walikuwa wakichoma pori ili kuwatoa ndezi mafichoni, kama walivyofanya babu zao, na masizi membamba meusi yalipeperuka mpaka mjini yakatua juu ya mashuka yaliyoanikwa. Mama alikuwa akitoka nje, anayatazama mashuka yake, kisha anaelekeza kidole porini na kuwaapiza wawindaji ambao hata hawamsikii. "Mukule ndezi yenu na manyoya yake!" Jioni mmoja wao akipita na ndezi aliyebanikwa, Mama huyo huyo anamsalimia kwa sauti ya upole kabisa na kumwuliza habari za watoto wake, mmoja mmoja, kwa majina.

Na ndani ya harufu hiyo, kila Jumamosi, ilisikika filimbi ya Baba. Baba yangu, Papa Mbuyi, alikuwa mkuu wa wazimamoto wa reli, mapompiye kama tulivyowaita wote. Pale depo, mahali pa kutengenezea treni, kulikuwa na pampu ya mikono yenye mapembe mawili ya kusukumia, wanaume wawili huku na wawili kule, mmoja akisukuma mwenzake anainua. Baba na vijana wake waliisugua kwa jivu na ndimu mpaka unajiona meno. Kisha filimbi inalia, wanavaa kofia zao za chuma, wanakimbia mpaka kwenye behewa bovu na kulizima moto ambao haupo, kwa maji ambayo hayapo, maana maji yalikuwa hayapotezwi. Nasi watoto wa kambi ya reli tulikaa juu ya ukuta tukitazama. Wenzangu walicheka mpaka wakaanguka. Mimi sikucheka, ila nilijua kwa nini wanacheka, na hilo liliniudhi zaidi ya kicheko chenyewe.

Tatizo ni kwamba moto ulikuwa hauji. Miaka ilipita, na mapompiye wa Kamina hawakuwa wamezima hata jiko. Mji mzima ulilifanya jambo hilo kuwa mzaha wake. Shuleni nilipigiwa makofi ya kejeli nikiingia darasani: "Kapinga, moto ya baba yako iko wapi?" Nyumbani palikuwa na Mjomba Ilunga, kaka mkubwa wa Mama, msimamizi wa wale watu wa njia wanaonyanyua reli na mataruma kwa mitaimbo. Mtu mkubwa huyo, shingo kama gogo, na kicheko chake kilitangulia kufika nyumbani kabla yake. Kila akija kula kwetu alinawa mikono, akakata tonge la kwanza, kisha akamgeukia Baba. "Shemeki, leo umezima ngapi?" Baba alitabasamu na kumsogezea sombe, mboga ya majani ya muhogo. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, lakini Mjomba methali hiyo aliijua kwa ajili ya watu wengine tu.

Lazima niseme sasa kwa nini Baba aliivumilia kazi hiyo ya kuchekwa. Baba alizaliwa Kamina, katika hospitali ya reli, chumba kile kile nilichozaliwa mimi. Lakini babu yangu alikuwa ametoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli, na kwa watu wengi hilo lilitosha. Miaka michache kabla ya kiangazi ninachokisimulia, majirani zetu wengi waliokuwa na asili ya huko walifukuzwa Katanga, wakalala stesheni na magodoro yao, wakapandishwa treni kwenda nchi ambayo wengine hawakuwa wameiona hata siku moja. Sisi tulibaki. Tulibaki kwa sababu Mama ni Muluba wa pale pale, na ndugu zake walilala uani kwetu majuma mazima mpaka kelele zikapoa. Walipotafutwa watu wa kuongoza mapompiye, wenyeji hawakuitaka kazi isiyo na heshima, akapewa Baba. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye walimpa pampu. Hakuwa na tamaa ya mali. Alitaka kitu kimoja tu, na Mama aliniambia mapema nikakijua: alitaka aitwe mtu wa Kamina bila mtu kuguna pembeni. Hata Mjomba, aliyemlinda kwa mwili wake, alipomtambulisha kwa watu alisema, "Huyu njo mugeni wetu." Alisema kwa upendo. Baba aliitikia kwa kichwa, na usiseme hakuumia.

Kiangazi chenyewe kilikuwa cha vita, miaka ya tisini ikiwa inaelekea ukingoni. Ndege za jeshi zilipita juu ya mji zikitetemesha vikombe, mshahara wa reli ulikuwa hadithi ya kale, na kutoka upande wa Kabongo na Malemba-Nkulu watu walikuja kwa miguu, kwa baiskeli, juu ya mabehewa, wamebeba kuku na wazee. Wengi wao waliwekwa Shato. Shato ni nyumba ambayo Mzungu mmoja wa zamani aliijenga pembeni ya mji akitaka aishi kama wafalme wa kwao: orofa, minara miwili ya mviringo yenye meno juu, madirisha membamba ya kupigia mishale ambayo hakuna aliyewahi kuipiga. Aliivuta mpaka reli yake mwenyewe, njia ndogo inayotoka depo na kuishia mlangoni kwake, ili behewa lake limshushie kizingitini. Mzungu alikwenda zake, reli yake ikabaki imeota majani, na Shato ikawa mara shule, mara ghala, mara nyumba ya popo. Sasa ilijaa watu mpaka ngazini. Uani waliezeka kibanda kirefu cha nyasi cha kupikia, kikaegemea ukuta wa nyumba mpaka chini ya paa la mbao. Baba alikwenda kukitazama akarudi na uso umekunjamana. Aliwaomba wakibomoe wakijenge mbali. Wakamwambia, Papa, tumebomolewa vya kutosha.

Nije kwenye king'ora. Depo ilikuwa na king'ora kikubwa juu ya nguzo, na tangu enzi za babu yangu kazi yake ilikuwa moja, kutangaza moto. Vita vilipokaribia, wakubwa walipita mitaani na kipaza sauti kuwatangazia watu kwamba siku adui akiingia king'ora cha depo kitalia, na kila mtu akimbilie porini upande wa kusini. Mji mzima ulishika agizo hilo kwa moyo. Mama alifungasha kifurushi akakiweka nyuma ya mlango. Kila nyumba ilikuwa na kifurushi chake. Na katika wakubwa wote hao, hakuna aliyekumbuka kwamba king'ora kile tayari kilikuwa na mwenyewe. Kwa nini wangekumbuka? Moto ulikuwa hauji.

Ukaja. Ilikuwa alasiri, upepo umevimba tangu asubuhi, na wawindaji walikuwa wamewasha pori upande wa Shato kama kila mwaka. Mimi nilikuwa nimempelekea Baba chakula depo. Alisimama na tonge mkononi, akanusa hewa. Mimi nilisikia harufu ile ile ya siku zote. Yeye alisikia nyingine. Aliweka tonge chini, akapanda ngazi ya tangi la maji, akatazama, akashuka anateleza. Moto ulikuwa umevuka barabara ya vumbi na unakwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha nyasi cha Shato. Baba alipuliza filimbi yake, kisha akafanya alichofundishwa kufanya. Alishika mpini wa king'ora akauzungusha kwa nguvu zote.

Yoo, mama yangu! Sijaona mji ukikimbia vile. Dakika ile ile milango yote ya kambi ilifunguka na vifurushi vikatoka. Watu walibeba magodoro, cherehani, mbuzi, picha za harusi. Mwalimu wangu wa hesabu alipita na mlango wa nyumba yake kichwani. Mlango kweli, na bawaba zake. Mwanamke mmoja alibeba sufuria ya maharagwe yanayochemka kwa kitambaa, anakimbia na anapuliza vidole. Wote walikwenda kusini. Shato ilikuwa kaskazini. Katika vijana wa Baba wenyewe, mmoja aliitupa kofia akaenda na umati. Baba alisimama kwenye kivuko cha reli amenyoosha mikono, anapiga kelele, "Iko moto tu! Haiko vita! Bantu banaungua ku Shato!" Na maji yalikuwepo, jamani. Behewa la tangi lililojaa maji lilikuwa limesimama kwenye njia ya depo, na njia inafika mpaka mlangoni mwa Shato. Lakini injini iliyokuwa na uhai ilikuwa imechukuliwa na jeshi, mafuta pia, na behewa la maji halisukumwi na watu watatu.

Hapo ndipo nilisikia neno ambalo sitalisahau. Mwanamume mmoja, namjua lakini simtaji, alisimama mbele ya Baba na godoro lake, akamwangalia juu mpaka chini, akapaza sauti ili wengine wasikie. "Musimusikie huyu! Huyu mugeni! Anatuzuia batukamate!" Watu wakampisha Baba kama anavyopishwa mgonjwa wa surua. Baba alishusha mikono. Filimbi ikaning'inia shingoni kama kitu cha mtoto. Nilikuwa na miaka kumi, nami nilitaka kumwuma mtu yule mguu. Nilikwisha inama hata, mbele ya Mungu, Mama alipotokea.

Mama alikuwa anarudi kutoka mazoezi ya kwaya ya kanisa, yeye na mama wenzake, vitambaa vyao vya kichwa vya rangi moja. Aliuona moshi, akamwona mume wake, akauona umati unakimbilia upande usio wake. Mama ni mtu wa kuelewa haraka na kufanya haraka zaidi. Hakubishana na mtu. Alipanda juu ya rundo la mataruma pale kivukoni, akajifunga kitenge vizuri kiunoni kama mtu anayeingia kucheza, akaweka kiganja mdomoni, na akapiga kigelegele. Kirefu, chembamba, cha kumtoa bibi harusi ndani. Mama wenzake walimtazama kama amerukwa na akili. Kisha mmoja akaelewa, akajibu, wa pili akajibu, na sekunde chache baadaye kwaya nzima ilikuwa inapiga vigelegele juu ya mataruma, moshi nyuma yao.

Sasa nikuambie, hakuna mtu duniani anayepiga vigelegele adui akiingia. Watu wa Kamina wanaweza kuukimbia mzinga, lakini kigelegele hawawezi kukikimbia. Mwili wenyewe unakataa. Mwendo ulipungua. Vichwa viligeuka. Mwalimu wa hesabu alishusha mlango wake. Mwanamke wa maharagwe aliuliza, "Nani anaolewa saa hii?" Na watu wakaanza kurudi, kwanza kwa wivu wa kukosa sherehe, nasema kweli, siwapambi. Walipofika karibu Mama aliacha kigelegele akanyoosha mkono kuelekea moshi. "Sherehe iko kule! Na bana ba Kabongo banaungua ndani! Mulete seo, mulete basani, na wanaume basukume behewa!" Hapo hata kipofu alielewa. Ndoo zilizokuwa zimejazwa sahani za kukimbia nazo zilimwagwa pale pale.

Mjomba Ilunga alikuja mbio na watu wake wa njia, mitaimbo mabegani, maana hata walipokimbia vita hawakuitupa. Vijana wa Baba waliipakia pampu juu ya behewa, naye Mjomba akawapanga watu nyuma na pembeni, akasimama mbele akilitazama kama anavyotazama reli iliyopinda. Watu wa njia hawasukumi kitu kimya. Mmoja huita, wengine huitikia, na nguvu inatoka pamoja pale wimbo unapotua. Ndivyo wanavyosogeza chuma ambacho hakuna mtu awezaye kukisogeza. Mjomba aliita kwa sauti ile iliyonikera mezani miaka yote: "Nani anachoka?" "Hapana minyi!" waliitikia, yaani si mimi, na mitaimbo ikabana chini ya magurudumu. "Nani anakimbia?" "Hapana minyi!" Chuma kililia kutu. "Nani anachoka?" Na mji mzima sasa, walimu, mama wa sokoni, mashemasi, yule wa godoro pia, uliitikia mpaka nikasikia kifua changu kikitetemeka. Behewa lilisogea unene wa kidole, kisha kiganja, kisha likaanza kutembea lenyewe na watu wakalikimbilia ili lisiwaache. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nilikimbia pembeni na beseni kichwani nikiimba kwa nguvu kuliko wote, na nilikuwa ninalia, lakini si kwa huzuni hata kidogo.

Tulipofika Shato kibanda kilikuwa mwenge mmoja na ulimi wa moto umekwisha kulamba ncha ya paa. Na hapo Baba alibadilika mbele ya macho yetu. Yule mtu mpole wa kusogeza sombe alipuliza filimbi na watu mia wakanyamaza. Hakupaza sauti sana. Wewe na wewe, kwenye pampu. Mitaimbo, kibanda kiangushwe upande wa nje, kivutwe mbali na ukuta. Mama zetu, mstari mmoja kutoka behewani mpaka mlangoni, maji yanakwenda kwa mkono wa kulia, beseni tupu linarudi kwa wa kushoto. Mjomba Ilunga aliambiwa ashike pembe la pampu, na akashika, "Ndiyo, shefu," akasema, nami nilisikia kwa masikio yangu haya. Pampu iliyokuwa imesuguliwa Jumamosi baada ya Jumamosi ilimeza maji mara moja, ikakohoa, kisha mpira wa maji ukakakamaa na maji yakaruka mpaka kwenye meno ya mnara. Watu walipiga kelele kama goli limeingia. Wale waliokuwa ndani walitoka na watoto wao mmoja baada ya mwingine, wamejifunika nguo zilizoloweshwa, tukawapokea.

Mmoja alikosekana. Bibi mmoja wa Kabongo, mzee sana, alikuwa juu katika chumba cha mnara na amekataa kushuka. Alikuwa amekimbia mara nyingi mno, alisema hakimbii tena. Baba alijimwagia beseni la maji akapanda. Tulingoja. Mstari wa ndoo haukusimama, lakini mikono yote ilifanya kazi huku macho yote yako kwenye mlango ule. Mama alipokea na kupitisha, alipokea na kupitisha, midomo yake inatembea bila sauti. Baba alitusimulia baadaye kwamba bibi yule, katikati ya moshi, alimshika ukosi akamwuliza kwanza, kama wanavyouliza wazee wetu, "Weye njo mutoto wa nani?" Hakuwa tayari kubebwa na mtu asiyejulikana! Na Baba akamjibu, "Minyi njo mutoto wa hapa, mama." Bibi alisema basi, vizuri, akanyoosha mikono abebwe. Mtoto wa hapa. Alikuwa hajalisema neno hilo kwa sauti miaka mingi, na palikuwa hapana mtu wa kuguna isipokuwa moto wenyewe. Alitoka naye mgongoni, nyusi zimeungua, wote wawili wanakohoa, na vigelegele vya safari hii havikuwa vya hila.

Shato ilisimama. Kona ya paa iliungua, mnara mmoja ukabaki mweusi upande mmoja, lakini hakuna mtu aliyekufa, hata kuku. Tulirudi nyumbani jua likiwa bado halijazama, tumelowa, weusi kama mkaa, tukiimba "Hapana minyi." Njiani watu walimgusa Baba bega. Mjomba alikuja kula kwetu jioni ile, akanawa, akakata tonge, akamgeukia Baba, na sote tukangoja mzaha. Alilichovya tonge lake kwenye sombe. "Shemeki," alisema, "nipe chumvi." Hiyo ndiyo ilikuwa toba yake, na kwa mtu kama yeye ilikuwa ndefu.

Wazo la medali lilikuwa la Papa Kasongo, fundi wa kuyeyusha shaba na bronzi pale depo, mzee mwenye mikono yenye makovu ya cheche. Alisema mji uliookolewa bila kumbukumbu ni mji utakaosahau mwezi ujao. Alichukua kipande cha bronzi kutoka injini ya zamani ya mvuke iliyokufa, kilichokuwa kikibeba ekseli, akachonga kielelezo kwa mti wa mulombwa: minara miwili yenye meno, ndimi za moto chini, na mpira wa maji umepinda kama nyoka anayeinuka. Alikikandamiza mchangani, akamimina bronzi. Upande wa pili palihitajika maneno, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Mkubwa wa depo alitaka yaandikwe ya Kifaransa, kuwashukuru watumishi wa reli. Papa Kasongo alitaka tarehe tu, maana kuchonga herufi kinyumenyume kunaumiza macho. Mjomba Ilunga alikwenda kwenye kiwanda mchana mmoja, akafunga mlango, na akatoka amechelewa. Walichosemezana hakuna aliyetuambia.

Siku ya kuzitoa medali, tulikusanyika depo, watu mpaka juu ya mabehewa. Mkubwa wa depo alihutubu hotuba ndefu kama treni ya mizigo. Kila ukidhani umeuona mkia, behewa jingine linatokea. Baba alisimama mbele na vijana wake, amevaa koti alilooa nalo. Nilikuwa nimekaa karibu na Mama, na niliona kwamba alimshika mkono Mjomba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Medali zilifungwa kwa utepe wa kitenge cha kwaya. Mkubwa alimvisha Baba medali yake, wakapeana mikono, watu wakapiga makofi. Baba aliishika akaitazama ile minara. Kisha akaigeuza. Alisoma, akasoma tena, akageuka kumtafuta Mjomba katikati ya watu, na uso wake ukavunjika kabisa. Yalikuwa maneno machache, ya Kiswahili chetu cha pale pale, yamechongwa kwa herufi nene za fundi: BATOTO BA KAMINA BALIZIMA MOTO.

Baba hakuweza kuhutubu. Aliinua tu medali juu. Mjomba Ilunga alipanda juu ya reli akanguruma ili mji mzima usikie, "Kama iko muntu anakataa hii maneno, akuye aniambie minyi!" Hakuja mtu. Yule wa godoro alikuwa anapiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu, mnafiki yule, nami siku ile nikamsamehe nusu. Hata nikiandika sasa nasikia joto kifuani. Watu wanasema ushindi ni wa majeshi na wa mpira wa miguu. Mimi niliuona ushindi ukiwa na nyusi zilizoungua na koti linalobana mabegani.

Mama, bila shaka, hakuridhika. Usiku haujaingia alikuwa amekwisha kuuliza, na vigelegele je, navyo vilipewa nini? Bronzi ilikuwa imekwisha. Basi Jumapili iliyofuata aliivua medali ya Baba kwenye msumari, akaivaa yeye kanisani, na Jumapili ya pili akamvika mama mwingine wa kwaya aliyekuwa naye juu ya mataruma, na ya tatu mwingine. Ikawa desturi. Baba aliuliza siku moja kama angeweza kuivaa kwenda kwenye harusi, akaambiwa si zamu yake. Alicheka mpaka akakaa chini.

Leo Kamina ni makao makuu ya mkoa. Kuna ofisi zenye bendera, pikipiki zinapiga honi mpaka usiku wa manane, na pori likiungua vijana wanasimama kulipiga picha kwa simu. Depo imepoa, pampu sijui iko wapi. Mimi ninaishi Lubumbashi, ninafundisha, na wanafunzi wangu wakiniuliza mimi ni mtu wa wapi siku hizi, sauti zao zikiwa na ule mguno wa zamani ninaoujua vizuri, naona kwamba kazi haikuisha. Inaudhi. Lakini sipendi mtu aniambie kwamba watu hawabadiliki, maana mimi nimeshuhudia.

Nilishuhudia tena Baba alipofariki. Ndugu zake wa Kasai walikuja kwa treni, watu wazuri, wameleta jeneza lao, wanataka kumpeleka akazikwe na mababu. Wakakuta kaburi limekwisha chimbwa. Lilichimbwa na vijana wa pikipiki ambao siku ya moto hata hawakuwa wamezaliwa, na hakuna aliyewatuma. Mjomba Ilunga, kipofu sasa, alikuwa amekaa juu ya jeneza la Kasai na anakataa kuondoka. "Mumupeleke wapi?" alipayuka. "Mutoto wetu! Kwabo njo hapa!" Wa Kasai nao wakapaza sauti, ni wetu, damu yetu. Ni wetu. Hapana, ni wetu. Walivutana mchana kutwa juu ya mtu ambaye zamani palikuwa hapana wa kumtaka, na mwishowe wageni walikubali kuondoka na udongo wa kaburi lake kwenye kopo la maziwa. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani kati ya waombolezaji, na kicheko kikanishika, sikuweza kukizuia. Mama alinifinya paja. "Nyamaza, bantu banaangalia," alininong'oneza. Nikamtazama. Alikuwa amejifunika kitenge mpaka machoni, na mabega yake yalikuwa yanaruka kwa kicheko kuliko yangu.